Maneno ya Msafara na Maneno ya Ofisi

Malalamiko juu ya lugha ya ofisi ni mengi katika nchi yetu. Watu husema kwamba barua za wakubwa hazisomeki, kwamba hotuba za semina ni ndefu kuliko maana yake, na kwamba ripoti nzima yaweza kusomwa mpaka mwisho bila ya msomaji kujua ni nani aliyefanya nini. Wengi wa walalamikao huzitupa lawama zao juu ya maneno ya kigeni. Hudhani kwamba lau maneno hayo yangeondolewa, na mahali pao pakatiwa maneno yaliyozaliwa nchini, ugonjwa ungepona. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba dhana hiyo haikuufikia ugonjwa wenyewe. Ushahidi nitautafuta Tabora na katika njia ya kale ya misafara, kwa sababu huko maneno ya wageni na ya wenyeji yalikutana mapema, na kwa sababu baadhi ya maneno yanayotumika leo katika ofisi zetu yalianza kazi yake katika njia ile.

Njia hiyo ilitoka pwani, aghalabu Bagamoyo au Saadani, ikapanda Usagara, ikapita Mpwapwa na nchi kavu ya Ugogo, kisha ikaingia Unyamwezi. Katika Unyanyembe, mahali ambapo wasafiri wa zamani walipaita Kazeh nasi twapaita Tabora, njia iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi mpaka Ujiji, na jingine lilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Wazungu Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani mpaka hapo, wakafika Novemba 1857. Waliwakuta wafanya biashara Waarabu wakikaa katika nyumba kubwa za tembe. Lakini Wanyamwezi hawakungoja Mwarabu wala Mzungu awaonyeshe njia ya pwani. Walikuwa wamekwisha kuizoea tangu mwanzo wa karne ya 19, wakipeleka pembe na kurudi na nguo na shanga.

Biashara hiyo ilikuwa na lugha yake. Nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa Massachusetts, iliitwa merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Nguo ya buluu iliyoiva kutoka Bara Hindi iliitwa kaniki. Nguo ilipimwa kwa mikono: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Pembe ilipimwa kwa frasila, nayo ilikuwa yapata kilo 16. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili au karibu ya hapo, na chakula chake cha siku, kilichoitwa posho, kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka.

Ukiyatazama maneno haya, utaona kwamba asili zake hazifanani. Frasila limetoka Uarabuni, mpagazi limetoka Unyamwezi, na merikani limevuka Bahari ya Atlantiki. Hata hivyo hatusikii kwamba mpagazi alishindwa kuyafahamu kwa kuwa ni mageni. Kila neno lilikuwa na kitu nyuma yake, na kitu hicho kiliweza kupimwa, kuhesabiwa au kuliwa. Mtu aliyeahidiwa doti akapewa shuka alijua mara moja kwamba amepunjwa nusu. Mtu aliyeahidiwa kibaba akakosa alilala na njaa, na alfajiri yake mwenye mali aliukuta mzigo chini na mchukuzi hayupo. Neno la uongo halikuweza kusafiri mbali katika njia ile, kwa sababu lilijaribiwa kila jioni msafara ulipotua.

Tusidhani, walakini, kwamba watu wa misafara hawakujua majivuno ya maneno. Mpagazi aliyerudi kutoka pwani alirudi na kanzu na kofia, pengine na jina jipya la kipwani, akapenda kuitwa mwungwana, na kwa Kiswahili chake akawashangaza ndugu zake waliobaki nyumbani. Uungwana ulikuwa vazi lililoweza kupatikana safarini kwa jasho. Bila shaka wako wazee waliomcheka. Lakini kwa majivuno hayohayo Kiswahili kiliingia bara, kikafika Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Kongo ya mashariki, kabla ya serikali yo yote kuamuru kifundishwe. Basi kupenda neno zuri la mgeni si dhambi. Mwungwana wa njiani alijivuna kwa neno, lakini ulipofika wakati wa kugawa posho alisema kibaba kama wenzake wote.

Yatupasa pia kuepuka kosa la pili, nalo ni kuifanya lugha ile kuwa takatifu. Katika njia hiyohiyo walipita watumwa. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora na kumwoa binti wa Mtemi Fundikira, aliacha kisa cha maisha yake kwa Kiswahili. Kilichapishwa upya pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959. Lugha yake ni nyepesi na kavu: nani alikwenda wapi, nani alipigana na nani, pembe zilikuwa frasila ngapi, deni lilikuwa kiasi gani. Msomaji aweza kuyachukia mengi aliyoyatenda mtu yule, lakini hawezi kusema kwamba hakuelewa alitenda nini. Lugha wazi haikuizuia dhambi. Lakini haikuificha, na kwa hiyo twaweza leo kuihukumu.

Sasa na tufuate maisha ya maneno machache yaliyotoka njiani yakaingia ofisini. La kwanza ni hongo. Katika siku za misafara hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafiri alimlipa mtemi nguo ili aruhusiwe kupita nchini mwake, kuchota maji na kununua chakula. Ugogo ilisifika kwa hongo nzito, maana katika nchi kavu mwenye kisima ni mwenye nguvu. Wasafiri waliinung'unikia sana, wakakaa siku nyingi wakibishana juu ya doti za kutoa. Lakini ubishi huo ulifanyika mchana, mbele ya watu, na kila mmoja alijua ni nani aliyelipa, ni nani aliyepokea, na ni kiasi gani. Utawala wa Wadachi ulipoishika njia, watemi walinyang'anywa haki ya kutoza. Neno halikufa, liliingia ndani ya nyumba, likafunga mlango. Leo hongo ni malipo ya siri apewayo mtu asiyestahili. Herufi ni zilezile. Lililoondoka ni ule mchana na wale mashahidi.

La pili ni posho. Kibaba cha nafaka kilimtia mtu nguvu ya kubeba mzigo mpaka kituo kinachofuata. Leo twazo posho za kujikimu, posho za safari, na posho za vikao, ambazo mwaka 2011 zilizusha mjadala mkali Bungeni na nje yake. Sisemi kwamba kila posho ya leo ni dhuluma. Nasema kwamba neno lililokuwa na maana ya chakula cha mwenye mzigo limekuja kuwa na maana ya fedha zitolewazo hata pale ambapo mzigo hauonekani, na kwamba lingali linavaa heshima ya njaa ya zamani.

La tatu ni mnyampara. Katika Unyamwezi wanyampara walikuwa wazee wenye daraka katika baraza la mtemi. Katika msafara mnyampara alikuwa kiongozi wa kikundi cha wapagazi, mtu waliyemjua na kumwamini. Utawala wa kigeni ulimfanya kuwa msimamizi wa vibarua, na hatimaye nyapara akawa hata mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake. Kinyume chake, ikulu, ambalo kwa Kinyamwezi ni makao ya mtemi, limepanda likawa makao ya Rais wa Jamhuri. Kwa hiyo maneno ya wenyeji hushuka na kupanda kama watu. Kuzaliwa nchini hakukulikinga hongo lisifichwe, wala hakukumkinga mnyampara asishushwe. Huo ndio ushahidi wa kwanza dhidi ya wale wanaodhani kwamba asili ya neno ndiyo dawa.

Ofisi yenyewe ilifika Tabora pamoja na bunduki. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipoona ngome yake imevunjwa na Wadachi, alijilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Baada yake zikaja boma, daftari na kodi. Neno shauri laonyesha vizuri mabadiliko hayo. Kushauriana ni kazi ya watu wawili au zaidi, kila mmoja akisema na kusikilizwa. Wadachi waliliona neno hilo linatumika, wakalichukua hata katika maandishi yao wenyewe; nao Waingereza baadaye walikuwa na afisa aliyeitwa Bwana Shauri. Lakini mbele ya Bwana Shauri raia alieleza na bwana akakata. Neno la watu wawili likawa cheo cha mtu mmoja. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mpagazi wa masafa marefu alikwisha kazi yake, na pamoja naye ikaondoka ile mizani ya kila jioni. Tangu hapo neno liliweza kusafiri kwa karatasi kutoka Dar es Salaam hata mpaka wa Kongo bila ya mtu kulipima njiani.

Matokeo ya karatasi isiyopimwa yalionekana Urambo, nchi iliyochukua jina la Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na Urambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ikawa moja ya mahali palipochaguliwa. Katika karatasi za London hesabu zilinyoka. Ardhi haikuzisoma karatasi hizo. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa baada ya kupoteza mamilioni ya pauni, na huko Urambo mashamba yakageukia tumbaku. Kiswahili kilibaki na neno lake, skimu, ambalo lingali likitumika kwa mipango mingine, baadhi yake mema.

Ingekuwa dhuluma kuyataja hayo nikaiacha sifa kubwa ya Tabora. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana huko kujadili kama kishiriki katika uchaguzi ambao sheria yake ilimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi waliiona sheria hiyo kuwa tusi, na baada ya uamuzi kupita Zuberi Mtemvu alitoka katika chama akaunda chama chake. Jina la Kiingereza la utaratibu huo lilikuwa refu na la kisheria. Watu waliuita kura tatu. Katika maneno hayo mawili mkulima asiyejua kusoma alielewa jambo lote: ataingia mara moja, atatoa kura tatu, na mbili kati yake ni za watu wasio wa rangi yake. Aliweza kukasirika, aliweza kukubali, lakini hakuweza kudanganyika. Kwa sababu neno lilikuwa wazi, ubishi wa Tabora ulikuwa ubishi wa kweli, na uamuzi uliotoka humo, ulioitwa Uamuzi wa Busara, ulikuwa uamuzi wa watu waliojua wanachokiamua. Hata aliyepinga alijua anachokipinga.

Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Kazi iliyofuata ilikuwa kubwa na ya kusifiwa. Istilahi zilitafutwa za fedha, za utawala, za sayansi na za mahakama, na lugha iliyodharauliwa ikathibitisha kwamba yaweza kuendesha dola. Lakini tangu miaka ya 1980 na 1990, mageuzi ya uchumi na miradi ya wafadhili yalileta namna nyingine ya maandishi. Ripoti hufikiriwa kwa Kiingereza cha mashirika, kisha hugeuzwa neno kwa neno. Ndipo tukapata mchakato, wadau, changamoto, afua, masuala mtambuka, mbinu shirikishi na maendeleo endelevu. Yatazame: karibu yote yana sura ya Kiswahili safi. Mtu anayechukia maneno ya kigeni hana pa kuyashika. Na bado ndiyo yanayowachosha watu.

Kosa lao liko wapi? Naona liko katika sarufi. Kitenzi cha Kiswahili kikisimama katika sentensi aghalabu hakikubali kwenda peke yake. Kwa kawaida hubeba kiambishi cha mtenda. Hatusemi tu "pata" au "leta". Twasema amepata, hawakuleta, tutaleta. Lugha yetu kwa maumbile yake humwuliza msemaji: nani? Namna ya ofisi imevumbua njia ya kulikwepa swali hilo. Huchukua kitenzi, hukipa u- mwanzoni na -aji mwishoni, na papo hapo mtenda hutoroka kama mpagazi aliyekosa kibaba. Huu ni mfano nilioutunga kwa kufuata mtindo unaojulikana: "Ofisi inatambua uwepo wa changamoto katika upatikanaji wa dawa, na mchakato wa uboreshaji wa usambazaji unaendelea kwa ushirikishwaji wa wadau." Katika sentensi hiyo ofisi inatambua na mchakato unaendelea. Hakuna mtu. Sasa isemwe kwa lugha ya njiani: "Dawa zimekwisha tangu mwezi uliopita. Mkuu wa zahanati hakuziagiza kwa wakati. Zitafika Jumatatu." Sentensi hizi tatu fupi zina mtu, zina kosa, zina siku. Mwenye mgonjwa aweza kuuliza, aweza kungoja, aweza kwenda kwingine. Ile ya kwanza haimwachii la kufanya ila kurudi nyumbani.

Neno wadau nalo lina hila yake. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, kampuni inunuayo tumbaku yake, benki iliyomkopesha mbolea na afisa anayesimamia soko, wote ni wadau. Neno limewaketisha mkeka mmoja kama ndugu. Lakini mmoja wao ndiye ataamua daraja la tumbaku na mwingine ndiye atakatwa deni. Msafara haukumwita mpagazi na mwenye pembe kwa jina moja, maana kila mtu aliona ni bega la nani lililokuwa na sugu. Changamoto nayo imebebeshwa njaa, wizi, ujinga, ukame na uvivu, vyote pamoja. Neno linalobeba kila kitu halimwambii mtu achukue jembe, wala amwite polisi.

Wako watakaonijibu kwamba elimu haiwezi kukaa bila ya majina ya dhahania. Wana haki. Mwanasayansi anayeandika juu ya usafirishaji wa maji ndani ya mmea hana haja ya kumtaja mtenda, na mwanachuo anayejadili uandishi wa tenzi hamfichi mtu. Sipendi tuyafute maneno hayo, wala sipendi turudi kwenye vibaba na frasila. Tofauti iko katika haja. Dhahania ya mwanachuo imekusanya mambo mengi ili yaonekane kwa pamoja. Dhahania ya ofisi mara nyingi imetawanya jambo moja ili lisionekane.

Jambo hili si la wapenda lugha peke yao. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na kwa mabadiliko hayo mwananchi aliahidiwa kwamba kesi yake itaamuliwa kwa maneno anayoyajua. Ahadi hiyo yaweza kuvunjwa bila ya kurudisha neno moja la Kiingereza. Ikiwa hati za mkopo, za ardhi, za mahakama na za hospitali zitaandikwa kwa lugha isiyo na mtenda, basi tutakuwa tumempokonya raia lugha ya mgeni tukampa ugeni ndani ya lugha yake. Mbele ya Kiingereza mtu aliweza kusema, "Sijui lugha hii," akatafutiwa mkalimani. Mbele ya Kiswahili cha namna hii ataona haya kuuliza, kwa kuwa kila neno lafanana na Kiswahili chake, naye atadhani upungufu ni wa akili yake.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi watakaokuwa kesho makarani, mahakimu na wakuu wa idara. Msiulize kwanza kama neno ni la Kiarabu, la Kiingereza au la Kinyamwezi. Njia ya Tabora iliyabeba yote bila ya kuumia. Ulizeni maswali ambayo mnyampara aliyauliza msafara ulipotua: nani amebeba, kiasi gani, na kimefika wapi. Barua inayoyajibu maswali hayo yaweza kuwa na maneno mageni kumi na isimdhulumu mtu. Barua isiyoyajibu, hata ikiandikwa kwa Kiswahili kilichochujwa mara saba, irudishwe kwa mwandishi wake kabla haijatiwa muhuri.